Acha Kuipiga Rimoti: Mwongozo wa Kuongea kwa Mwanga Usioonekana

Weka rimoti chini. Usiigonge kwenye goti, usiipigize kwenye mkono wa kochi, usizitoe betri ukaziuma wala kuzianika juani. Najua hizi ni tiba zinazorithiwa nyumba kwa nyumba, na najua wakati mwingine televisheni huitika baada ya kofi la tatu, mpigaji akajiona daktari bingwa. Kilichotokea hapo si uponyaji. Kofi limeisogeza betri kidogo, ikaigusa vizuri springi iliyoota kutu. Kutu bado ipo, na kesho itadai kofi zito zaidi. Humo humo ndani, rimoti nyingi zina kipande kidogo cha kauri kinachotetemeka mara 455,000 kwa sekunde, na hicho ndicho saa yake. Kauri haipendi kuanguka wala kugongwa. Ikipasuka, rimoti haijui tena iseme kwa mwendo gani, na hapo hata betri mpya za duka zima hazitakusaidia. Kwangua kutu kwa msasa, futa springi kwa kitambaa chenye spiriti, rudisha betri mahali pake. Umeokoa pesa, na umeacha kumpiga asiyekukosea.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuongea kwa mwanga usioonekana, iwe anataka kuiambia televisheni ipunguze sauti au kuvusha intaneti ng'ambo ya mto. Sharti ni moja kwa wote wawili: taa inayosema na jicho linalosikiliza lazima vipatane. Vipatane kwa rangi, vipatane kwa mdundo, na vielekeane. Karibu kila lalamiko la "mtambo mbovu" nililowahi kulisikia kwenye uwanja huu lilikuwa ugomvi wa taa na jicho ambavyo havikupaswa kuozeshwa.

Tuanze na rangi. Mwaka 1800 huko Slough, Uingereza, mwanaastronomia William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kisha akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya wekundu, mahali ambapo macho hayaoni chochote, kilipanda kuliko vilivyokuwa ndani ya rangi. Huo ndio mwanga wa infraredi. Jicho la binadamu hukoma karibu na nanomita 700. Rimoti nyingi husema kwa nanomita 940. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe na usione kitu, rimoti haijakudharau. Imesema, ila si kwa macho yako.

Ushahidi unao mfukoni. Washa kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, ielekezee pua ya rimoti, kisha bonyeza kitufe. Ukiona nukta ya zambarau ikimetameta kwenye kioo, taa inawaka na betri zina nguvu. Lawama sasa zihamie kwenye saa ya rimoti au kwenye televisheni. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio kikali zaidi, ndiyo maana nimesema ya mbele. Usipoona kitu, jaribu kwanza rimoti nyingine unayojua ni nzima, usije ukaifukia iliyo hai kwa sababu kamera yako ni kipofu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ningependa lifundishwe kila darasa la fizikia kabla ya kuchora mchoro wa kwanza ubaoni.

Ukitaka kujijengea mtambo wako, chagua taa kwa makini. Anayeanza hudhani chochote chenye joto kinafaa. Balbu ya zamani ya nyuzi hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga wa kusomea, hilo ni kweli, lakini ukiizima uzi wake haupoi papo hapo. Ujumbe unadai taa inayowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo balbu imeshindwa kabla ya kuanza. Taa ya kufaa ilipatikana Texas. Mwaka 1961 James Biard na Gary Pittman wa Texas Instruments walikuwa wakishughulika na dayodi za galiamu arsenidi kwa madhumuni mengine kabisa, wakagundua kwamba zinatoa infraredi. Mwaka uliofuata waliomba hataza, na Oktoba 1962 kampuni ikatangaza LED ya kuuzwa, ya nanomita 890. Watu hupenda kusimulia LED nyekundu ya Nick Holonyak ya mwaka huohuo kwa sababu inaonekana. Mimi nadai heshima iende kwanza kwa ile isiyoonekana, kwa kuwa ndiyo iliyobeba ujumbe wa sebule zote za dunia.

Dukani utakuta hasa aina mbili. Ya nanomita 850 ndiyo inayofungwa kwenye kamera za ulinzi. Ukiitazama usiku utaona wekundu hafifu, maana mkia wa mwanga wake unagusa mpaka wa macho yetu. Ya nanomita 940 haionekani kabisa, na ina faida ya pili ambayo wauzaji wengi hawaitaji: mvuke wa maji ulio angani humeza sehemu ya mwanga wa jua karibu na rangi hiyo, kwa hiyo kelele za jua hupungua kidogo. Kwa mawasiliano ya nyumbani chukua 940. Usikubali kushawishiwa kwa maneno "hii inawaka zaidi."

Tafadhali, usiiunganishe LED moja kwa moja kwenye betri. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa ni mauaji yasiyo na sababu. LED ya infraredi hushika takriban volti 1.4 tu, ukiipa volti 5 bila kizuizi, itanywa mkondo mpaka ife, na kwa kuwa haionekani hutajua hata saa iliyokufa. Weka rezista. Ukitaka miliampea 100 kutoka volti 5, toa 1.4, inabaki 3.6, gawanya kwa 0.1, unapata omu 36. Hesabu ya darasa la saba imeokoa maisha. Ukiendesha LED kutoka kwenye bodi kama Arduino, pini yake haiwezi kutoa miliampea 100 bila kuumia, hivyo weka transista katikati ibebe mzigo.

Jicho ndilo linalowashinda wengi, na hapa nitakaa. La kwanza utakalopewa dukani kwa bei nafuu ni kile kidude chenye mistari ya nyoka kinachowasha taa za nje giza likiingia. Kinatengenezwa mara nyingi kwa kadmiamu salfaidi. Kinaona vizuri kijani, hakioni kitu cha maana kwenye nanomita 940, na hata kikiona huchukua makumi ya milisekunde kuamka. Kiache kiendelee kuwasha taa ya geti, kazi kinayoiweza. La pili ni fototransista. Ina ukarimu: mwanga kidogo unaoipata huukuza mara mamia. Tatizo ni mwendo. Kwa ujumbe wa taratibu inatosha, kwa data ya haraka itaburuta miguu. La tatu ni fotodayodi ya silikoni, na hiyo ndiyo napendekeza kwa anayetaka kujifunza kikweli. Haikuzi chochote, inakuachia kazi hiyo, lakini inajibu ndani ya nanosekunde. Silikoni huona vizuri zaidi karibu na nanomita 900, kwa hiyo imepatana na LED zetu tangu kuzaliwa. Ukiipa volti za kinyume, uwezo wake wa kuhifadhi chaji hupungua na mwendo huongezeka. Na usidanganyike na ukubwa. Fotodayodi pana hukusanya mwanga mwingi, lakini upana huohuo huongeza chaji ya kubeba na kuipunguza kasi. Anayetaka umbali anachagua pana. Anayetaka kasi anachagua ndogo na kuweka lenzi mbele yake.

Kama una haraka, nunua kipokezi kamili chenye miguu mitatu, kile cheusi kilichojificha nyuma ya plastiki ya televisheni. Weusi wake ni kichujio: unazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Ndani yake kuna fotodayodi, kikuzaji, na kichujio cha mdundo, vyote vimeshapatanishwa kiwandani.

Mdundo ndio uliomshinda mtangulizi wetu. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, Marekani, alitengeneza rimoti iitwayo Flash-Matic: tochi ya mwanga wa kawaida na macho manne kwenye pembe za televisheni. Ilifanya kazi vizuri mpaka jua lilipoingia dirishani na kubadilisha stesheni lenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler alileta rimoti ya sauti za juu zisizosikika, na kampuni nyingi zikaufuata mtindo huo hadi infraredi ilipochukua nafasi yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Infraredi nayo isingefua dafu mbele ya jua kama ingewaka tu. Siri yake ni kuwaka na kuzimika kwa mdundo maalumu, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde. Jua ni kali lakini halina mdundo huo. Kipokezi hulipuuza na kuusikiliza mdundo wake tu, kama mama anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya kelele za Kariakoo. Ile kauri ya 455,000 ukiigawa kwa 12 unapata karibu 38,000, na sasa unajua kwa nini nilikukataza makofi.

Juu ya mdundo huo ndipo herufi zinapandishwa. Katika utaratibu wa NEC, unaotumiwa na rimoti nyingi, ujumbe hufunguliwa kwa mlipuko wa milisekunde 9 ukifuatwa na kimya cha milisekunde 4.5. Kisha huja biti 32: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani, amri, na kinyume cha amri. Kinyume kipo ili kipokezi kihakikishe hakikusikia vibaya. Sifuri huchukua milisekunde 1.125, moja huchukua 2.25. Philips walikuwa na utaratibu wao wa RC-5 unaotumia mdundo wa kilohezi 36. Ndiyo sababu rimoti ya televisheni ya kampuni nyingine kwa kawaida haisumbui ya kwako, na ndiyo sababu kununua "rimoti ya zote" bila kuingiza namba ya kampuni ni kuongea Kiswahili na mtu asiyekijua ukidhani atakuelewa ukipaza sauti.

Jambo moja huwaliza wengi wanaoanza kujenga. Wanaweka LED iwake kwa kilohezi 38 mfululizo bila kupumua, wanaelekeza kwenye kipokezi, kipokezi kinaitika kidogo halafu kinanyamaza. Wanakitupa. Kipokezi kilikuwa kizima. Kimefundishwa kwamba kelele isiyokoma ni taa ya nyumbani yenye umeme wa kasi, kwa hiyo hujipunguzia usikivu. Kipe milipuko mifupi na vimya kati yake, kitakusikiliza siku nzima. Na kumbuka kwamba mguu wake wa kutoa habari husimama juu wakati wa ukimya na kushuka unapofika mdundo. Wengi husoma kinyume na kulaumu programu.

Kabla ya kutumia shilingi moja zaidi, fanya jaribio hili. Chukua paneli ndogo ya taa ya sola iliyokwisha betri. Ziunganishe nyaya zake mbili, kupitia kapasita, kwenye tundu la kuingizia sauti la spika ndogo ya betri yenye kikuzaji. Elekeza rimoti kwenye paneli, bonyeza. Utaisikia ikikoroma. Paneli ni silikoni, ni fotodayodi pana, na mwendo wake wa kivivu unatosha kwa sauti. Ipeleke chini ya balbu ya umeme wa nyumbani usikie mvumo wa hezi 100, maana umeme wetu ni hezi 50 na balbu hung'aa mara mbili kwa kila mzunguko. Ukifanya hivyo umeingia ukoo wa Alexander Graham Bell, ambaye mwaka 1880, pamoja na Charles Sumner Tainter, alirusha sauti ya mtu kwa mwanga wa jua kutoka paa la shule ya Franklin mjini Washington hadi maabara iliyokuwa umbali wa mita 213. Jicho lake lilikuwa la seleniamu, taa yake ilikuwa jua. Wazo lilikuwa kamili. Lililokosekana ni taa isiyofunikwa na wingu na jicho jepesi. Dunia ilisubiri zaidi ya miaka themanini kuvipata. Wewe unavyo kwenye kopo la vifaa vibovu.

Wenye umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya 2000 waliwahi kuutumia mwanga huu kutumiana milio na picha. Simu mbili zilizolazwa mezani zikitazamana vichwa, na yeyote anayepita karibu anaambiwa asiguse meza. Hiyo ilikuwa IrDA, iliyokusudiwa umbali wa takriban mita moja, kwa kasi ya kilobiti 115.2 kwa sekunde katika ngazi yake ya msingi. Nokia 3310, pamoja na sifa zake zote, haikuwa nayo. Leo baadhi ya simu za Xiaomi na Infinix zina taa ya infraredi ya kuendeshea televisheni. Nyingi zinasema tu, hazisikilizi.

Sasa ongeza umbali, uone jinsi taa na jicho vinavyolazimika kubadilika. Ukiingiza mwanga wa nanomita 850 kwenye uzi wa kioo, kabla haujamaliza kilomita mbili nusu yake imepotea. Upotevu wa mwanga kwenye kioo huwa mdogo kabisa karibu na nanomita 1550, takriban dekibeli 0.2 kwa kilomita, kiasi kwamba nusu bado ipo baada ya kilomita 15. Kwa hiyo mikongo ya baharini inasema kwa rangi hiyo. LED haifai tena: mwanga wake unatawanyika mno kuingia kwenye kiini cha uzi chenye upana wa mikromita tisa hivi, na rangi zake ni pana mno. Inahitajika leza. Na silikoni, rafiki yetu wa sebuleni, inakuwa kipofu baada ya nanomita 1100, kwa hiyo jicho linatengenezwa kwa indiamu galiamu arsenidi. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, hivyo ndivyo vilivyotufikia: leza na jicho vilivyopatana upya. Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi kadhaa za Afrika Mashariki kwa pamoja. Anayesema habari za mwanga usioonekana ni za wataalamu tu alikuwa nasi akisubiri ukurasa ufunguke.

Uzi nao si lazima. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto Kongo katikati, na kuuvusha mkongo hapo ni kazi ngumu. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wakati huo ukiwa wa kampuni mama ya Google, ulirusha mwale wa infraredi juu ya mto, kilomita 4.8, ukapitisha takriban terabaiti 700 ndani ya siku 20. Ugumu mkubwa ulikuwa kuelekeana: mwale mwembamba ulazimike kulipata jicho dogo ng'ambo, minara ikitikiswa na upepo na ndege wakipita. Vioo vinavyojirekebisha vyenyewe ndivyo vilivyoifanya kazi hiyo. Ukungu bado ni adui. Matone yake madogo hutawanya mwanga huu vibaya kuliko mvua. Anayepanga kiungo cha namna hii mahali penye ukungu kama Limuru apange na njia ya akiba ya redio.

Walioenda mbali zaidi ni NASA. Desemba 2023 chombo cha Psyche, kikiwa umbali wa kilomita milioni 31, kilituma duniani video ya paka akikimbiza nukta ya leza, kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde. Leza ya nanomita 1550 tena. Kwenye darubini ya Palomar, California, jicho lilikuwa nyaya nyembamba mno zilizopozwa hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, zinazohesabu chembe za mwanga moja moja. Paka alifika salama.

Limebaki la macho yako, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. LED ya rimoti ni dhaifu, haina neno. Leza ya infraredi ni jambo jingine: kwa kuwa huioni, jicho halipepesi kujilinda, na ya nanomita 850 hupenya hadi ndani ya jicho ikakusanywa kwenye nukta moja ya retina. Na lile jaribio la kamera ya simu usilitumie kwenye mkongo. Kamera ni silikoni. Kwa nanomita 1310 na 1550 haioni kitu, itakuonyesha giza huku mwanga upo. Mafundi wa mkongo hutumia kipima nguvu ya mwanga, na huzima leza kabla ya kugusa ncha. Kwa hiyo ukikuta waya wa faiba umekatwa na katapila mtaani kwenu, usiuinue machoni, usimruhusu mtoto auchungulie, na usiamini kwamba hauna mwanga. Piga simu ya kampuni yenye mkongo huo, kaa pembeni, waelekeze mahali ulipo.